Mke wa Ayubu

Majeraha ya mwili yana waganga wengi, na majeraha ya roho yana washauri wengi. Walakini si kila mshauri ni mganga. Mtu aliyevunjika mguu hapigwi kwa sababu amelia. Mtu aliyevunjika moyo aghalabu hupigwa kwa ajili ya kilio chake, na wampigao huwa ni watu wema, tena wenye dini, ambao walitoka kwao asubuhi kwa nia ya kumfariji. Insha hii yahusu mwanamke mmoja wa Maandiko aliyepigwa namna hiyo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na mwanamke mwingine, wa Nyarugusu, aliyepata nafuu ya roho kwa kuyafikiri upya maisha ya yule wa kwanza. Maswali yangu ni mawili. Je, ni halali kumtungia maisha mtu ambaye Kitabu kimemnyamazia? Na faraja itokayo katika maisha ya kutungwa, ni faraja ya kweli au ni udanganyifu mtamu?

Mke wa Ayubu hana jina katika Biblia. Atokea katika sura ya pili ya Kitabu cha Ayubu, anamwambia mumewe maneno machache ya uchungu, kwamba aache kushikilia ukamilifu wake, amkufuru Mungu, afe. Anakemewa kuwa anena kama mwanamke mpumbavu, kisha anatoweka. Wasomaji wengi hukumbuka neno lake wakasahau siku yake. Wana saba na binti watatu waliokufa walipoangukiwa na nyumba hawakuwa watoto wa Ayubu peke yake. Kama Ayubu alifiwa na kumi, mkewe naye alifiwa na kumi, na hao kumi aliwabeba tumboni. Mali iliyopotea ilikuwa riziki yake pia. Yeye hakupewa majipu. Alipewa kazi ya kuyatazama.

Wahubiri wa kale hawakumhurumia. Augustino wa Hippo alimwita msaidizi wa Shetani. Yohana Krisostomo aliuliza kwa nini Ibilisi, aliyemnyang'anya Ayubu kila kitu, alimwachia mke, akajibu kwamba alimwachia ili awe mjeledi wa kumchapia. Kutoka mimbari hizo neno likashuka kizazi kwa kizazi, likavuka bahari, likapanda bara, hata likafika makaburini petu.

Nyarugusu ninayoisema si ile ya kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, bali ni Nyarugusu ya dhahabu katika wilaya ya Geita, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika mkoa wenye jina hilo hilo. Huko mtu huteremka katika duara kwa kamba, na juu ya kichwa chake ardhi yote huzuiwa na matimba, yaani magogo yaliyopangwa kushikilia kuta. Mawe yakipanda, huenda katika karasha yakasagwa. Unga wake huoshwa katika mwalo, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Wanawake huponda mawe, huchota maji, hupika chakula cha wachimbaji, na hungoja. Mwishoni mwa Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa katika mgodi mmoja wa Nyarugusu, wakatolewa hai wote baada ya siku tatu hivi, na nchi nzima ikashangilia. Kabla ya hapo, mwaka 2015, huko Nyangarata katika wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, wachimbaji watano walitolewa wazima tarehe 15 Novemba, baada ya kukaa chini siku 41. Habari kama hizo hufika magazetini kwa sababu ni nadra. Iliyo ya kawaida ni ile ya duara moja, kijana mmoja na mama mmoja, ambayo haifiki popote.

Shangazi yangu ni mama wa namna hiyo. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa matimba yalipoachia. Walichimba siku mbili wakampata. Siku ya maziko, katika ule utulivu unaokuja baada ya udongo wa kwanza kuanguka juu ya jeneza, shangazi alisema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, "Kama huyu ndiye Mungu tunayemwimbia, basi na anizike na mimi." Mzee mmoja wa kanisa, mtu mpole ambaye nina hakika hakukusudia ubaya, akamjibu kwa jibu lile lile alilolitoa Ayubu kwa mkewe. Watu wakaitikia kwa vichwa. Tangu siku ile, kisimani na sokoni, jina la shangazi likawa Mke wa Ayubu.

Msomaji asiyezijua nchi zetu za Ziwa aweza kudhani kuwa hilo lilikuwa jina la mzaha tu. Halikuwa la mzaha tu. Katika mikoa hii wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mara nyingine ushahidi wote ulikuwa macho mekundu, ambayo moshi wa kinyesi cha ng'ombe na wa kuni humpa kila apikaye miaka arobaini. Mwanamke aliyetamka neno baya juu ya kaburi la mwanawe, ambaye mwaka uliofuata mumewe alianza kukohoa kwa ule ugonjwa wa kifua uwapatao waliovuta vumbi la mawe, hakuwa mbali na hatari. Ndimi zilianza kuunganisha mambo. Shangazi akaacha kwenda kanisani, akaacha kwenda matangani, na kwa muda wa miaka minne akamwuguza mumewe pasipo msaidizi. Asubuhi alimtoa kitandani akamweka kivulini. Mchana alikwenda kuponda mawe ya watu apate unga. Jioni alimrudisha ndani. Jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameliamini lile jina. Alimwuguza mume kwa mikono yake yote miwili, na moyoni akajihesabu kuwa mwanamke mpumbavu.

Wakati huo mimi nilikuwa nikizisoma tendi za kale kwa ajili ya shahada yangu ya uzamivu, na likizo moja nilikwenda kumtazama nikiwa na Utendi wa Ayubu mkobani. Utendi huo ni wa pwani, wa mikono ya Waislamu. Alice Werner aliuchapisha katika miaka ya 1920, na J. W. T. Allen akautia katika mkusanyo wake wa tendi wa mwaka 1971. Humo mke wa Ayubu ana jina. Anaitwa Rehema. Kurani yenyewe haikumtaja kwa jina, ila wafasiri na wasimulizi walimtafutia jina na maisha: mke aliyebaki na mgonjwa wakati watu wote walipomkimbia, akafanya kazi za watu ili apate chakula chake, na, wasema baadhi yao, akauza hata nywele zake kwa mkate. Sura ya 38, aya ya 44, yasimulia jinsi Ayubu alivyoamriwa achukue kicha cha majani apige nacho, asivunje kiapo chake. Wafasiri husema kiapo kilikuwa cha kumchapa mkewe fimbo mia, na kwamba Mola alikipunguza kwa ajili yake, mia zikawa pigo moja la majani. Yaani katika masimulizi hayo Mungu mwenyewe aliingia kati ya fimbo na mgongo wa mwanamke huyu.

Kiswahili cha utendi kilikuwa kizito kwa shangazi, kwa hiyo nilimsimulia kwa maneno ya kawaida, naye akipembua mchele. Nilipomaliza aliniuliza, "Ni yule yule?"

"Ni mke yule yule wa Ayubu, shangazi."

"Yule aliyesema?"

"Naam, yule aliyesema."

Alinyamaza kitambo, ungo ukiendelea kwenda na kurudi. Kisha akasema, "Basi mwanangu, aliyeandika habari zake alisikia neno la asubuhi akaenda zake. Hakungoja aione kazi ya jioni."

Nimefundisha fasihi miaka mingi na sijapata kusikia uhakiki mfupi zaidi ya huo. Lakini mhakiki hana budi kuhakikiwa, na wapo wawili wenye haki ya kumpinga shangazi.

Wa kwanza ni mtu wa dini. Atasema kwamba Kitabu kikinyamaza, kimenyamaza kwa hekima, na anayeongeza juu ya kilichoandikwa ajitafutia hukumu. Namheshimu mtu huyu, walakini namwuliza: je, Augustino hakuongeza? Kitabu hakisemi popote kuwa mke wa Ayubu alikuwa msaidizi wa Shetani. Huyo mwanamke mwovu wa mahubiri yetu naye ni mtu wa kutungwa, ila ametungwa kwa lawama badala ya huruma, na kwa kuwa tumemzoea twadhani kuwa ameandikwa. Yule mzee wa kaburini alikuwa mtunzi kama mtunzi wa utendi. Kwa hiyo swali si kama tutamfikiri mwanamke huyu ama hatutamfikiri. Hatuwezi kumsoma pasipo kumfikiri. Swali ni kama tutamfikiri kwa haki.

Na haki ina kipimo chake, nacho ni yale ambayo Kitabu chenyewe kimeyasema. Natazama humo naona mambo manne. La kwanza, katika sura ya 19 Ayubu analalamika kwamba pumzi zake zimekuwa chukizo kwa mkewe. Ndugu zake wako mbali, rafiki zake wamemwacha, watumishi wake hawaitiki; lakini yupo mtu mmoja aliye karibu kiasi cha kuzisikia pumzi zake. La pili, Ayubu mwenyewe, katika sura ya tatu, aliilaani siku aliyozaliwa, na katika sura nyingi zinazofuata alimwambia Mungu maneno ambayo shangazi asingethubutu kuyasema. La tatu, mwisho wa kitabu Mungu aliwaka hasira juu ya Elifazi, Bildadi na Sofari, wale wafariji watatu wenye majibu, akasema kuwa hawakunena yaliyo sawa. Mke hakutajwa miongoni mwa waliokosa. La nne, Ayubu alirudishiwa kondoo, ngamia, ng'ombe na punda maradufu, na watoto kumi wengine. Kitabu chataja majina ya binti watatu waliozaliwa, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, hakimtaji aliyewazaa. Lakini hakitaji mke mwingine pia.

Zaidi ya hayo, waliohisi upungufu huu si watu wa pwani yetu tu. Watafsiri wa Kiyunani wa Agano la Kale, kabla ya kuzaliwa Kristo, walimpa mke huyu maneno mengi kuliko yaliyomo katika Kiebrania: anawataja wanawe na binti zake, uchungu wa kuzaa uliokwenda bure, na jinsi anavyotangatanga nyumba kwa nyumba akitumikia watu, akingoja jua lichwe apate kupumzika. Kitabu kingine cha kale cha Kiyunani, Wosia wa Ayubu, kilimpa jina la Sitidos na kisa cha nywele zilizouzwa kwa mkate. Mwingereza William Blake, katika picha zake za Kitabu cha Ayubu zilizotolewa mwaka 1826, alimchora karibu na mumewe wakati wa majipu, na karibu naye tena wakati wa baraka. Myahudi wa Kiyunani, Mwislamu wa pwani na Mkristo wa London hawakukaa baraza moja wakapatana. Kila mmoja alikiona kiti kitupu kando ya mgonjwa akajua kwamba hakikuwa kitupu.

Mpinzani wa pili ni mtu wa akili kavu. Atasema: hata kama ni halali kumtunga, faraja yake ni faraja ya ndoto. Rehema hakumrudisha kijana wa Nyarugusu. Huyu naye ana haki, na kumjibu yanilazimu nieleze kilichotokea siku ya tatu baada ya mazungumzo yale, ambacho mimi sikukitazamia.

Shangazi aliniita uani akaniuliza, "Huyo Rehema wa utenzi wenu, alipofiwa na wanawe alisema nini?" Nikamjibu kwamba sifa yake kubwa ni saburi na utii. Akatikisa kichwa. "Hapo," akasema, "aliyetunga hakuzika mtoto."

Nilidhani kuwa nimempelekea dawa, kumbe nilimpelekea nusu ya dawa. Mimi, pamoja na vitabu vyangu vyote, nilikuwa nataka kumwondoa mke mwenye neno baya nimweke mke mwenye subira mahali pake. Nilikuwa nafanya, kwa huruma, kazi ile ile aliyoifanya mzee wa kaburini kwa ukali: nilitaka neno lile lisiwe limesemwa. Shangazi alikataa. Alimkataa mwanamke wa mahubiri kwa sababu ananena tu, akamkataa na mwanamke wa utendi kwa sababu anavumilia tu. "Mimi," alisema, "namtaka yule aliyesema, kisha akabaki."

Huyo hayumo katika Biblia wala hayumo katika utendi. Alitungwa Nyarugusu, katika ua wenye jiwe la kupondea, na mwanamke asiyejua kwamba ametunga. Nami nasadiki kwamba ndiye wa kweli kuliko wote, kwa kuwa ndiye pekee ambaye maneno yote ya Kitabu yamhusu, lile la sura ya pili na lile la sura ya 19. Alisema lile neno, na pumzi za mgonjwa aliendelea kuzisikia.

Sasa naweza kumjibu mtu wa akili kavu. Nafuu aliyoipata shangazi haikuwa ya kuamini jambo ambalo si kweli. Ilikuwa ni ya kuacha kuamini jambo ambalo si kweli, yaani kwamba neno moja lililotoka katika kinywa cha msiba limemfanya kuwa mtu mbaya, na kwamba miaka minne ya kumbeba mume haihesabiwi. Ukweli huo ulikuwapo tangu mwanzo mbele ya macho ya kila mtu, na yeye mwenyewe hakuuona mpaka alipouona katika mtu mwingine. Hii ndiyo kazi ya maisha ya kutungwa. Mtu hawezi kuuona uso wake mwenyewe pasipo kioo, na kioo si udanganyifu kwa sababu hakina uso wake chenyewe.

Hata hivyo nataka niweke mipaka, maana dawa yoyote isiyo na kipimo ni sumu. Aliyetungwa na ajulikane kuwa ametungwa. Tusimpandishe Rehema mimbarani kana kwamba Kitabu kimesema. Tena asipingane na yaliyoandikwa. Na mwenye msiba awe ndiye wa kumkubali au wa kumkataa, maana yeye ajua zaidi ya mwenye mkoba wa vitabu. Na la mwisho ndilo kubwa. Wafariji wa Ayubu walikaa siku nyingi wakitafuta ni dhambi gani iliyoiangusha nyumba. Kwetu nao walitafuta: wengine walitaja dhambi, wengine walitaja mchawi, na mimi nilitaja fasihi. Miongoni mwetu sote hakuna aliyeuliza kwa nini duara lile lilikuwa na matimba machache na mabovu. Faraja inayotuliza moyo wa mama ikaacha matimba yaoze ni faraja ya nusu, na nusu ile nyingine ni deni juu ya walio hai.

Kitabu cha Ayubu, katika sura ya 28, kina maneno mazuri sana juu ya migodi. Chasema habari za watu wanaokomesha giza, waningʼiniao mbali na wanadamu wakitafuta dhahabu katika njia ambayo hata jicho la ndege halijaiona. Kisha chauliza kama hekima nayo yachimbuliwa wapi, nacho chajibu kwamba haipatikani kwa dhahabu. Nimewahi kuifundisha sura ile kama mfano wa ushairi. Siku hizi naifundisha nikimkumbuka mwanamke aliyesimama juu ya shimo.

Mume wa shangazi alifariki. Yeye alirudi kanisani, hukaa benchi la nyuma, na nyimbo nyingine huziimba na nyingine haziimbi. Jina la Mke wa Ayubu halikumtoka, ila limebadilika maana, kama majina yabadilikavyo. Akisikia kwamba duara limemfukia mtoto wa mtu, hujifunga kanga akaenda, akaketi chini karibu na mama wa marehemu. Mara ya mwisho nilipokuwa Nyarugusu nilikwenda naye. Yule mama kijana alipofungua kinywa akasema neno ambalo sitaliandika, mzee mmoja aliinuka ili amkemee. Shangazi alimshika upindo wa koti, akamwambia kwa adabu, bila kuinua sauti, "Baba, kaa kwanza. Tungoje jioni."

Mzee akakaa.